Ng'ombe wa Mzee Nchagwa

Mvumilivu hula mbivu, na Elkana alivumilia miaka mitatu katika ofisi yao ya Suna akingoja kuongoza kazi ya programu ya simu ya chanjo za mifugo. Mbivu akapewa Celestine, binti wa wavuvi wa Homa Bay, asiyejua ng'ombe mtamba wala mbuguma aliyekwisha kuzaa. Wivu ulimkaa Elkana kooni kama mwiba wa samaki.

Mfugaji alijisajili kwa simu yake, seva ikahifadhi. Kisha simu ya daktari wa mifugo iliuliza, seva ikajibu: jina, kijiji, idadi ya ng'ombe. Celestine alimpa Elkana msimbo, maandishi yanayoiendesha programu, aukague. Kosa aliliona papo hapo. Programu iliisoma idadi ya ng'ombe kana kwamba haiwezi kukosekana. Ikija tupu, ile wenye kazi wanayoiita null, programu ingezima. Na ingekuja tupu, maana wazee wa Kikuria hawataji hesabu ya ng'ombe wao. Kuwahesabu ni kuwaitia kifo.

Elkana akaandika chini ya msimbo, "Iko sawa." Na aanguke, alijiambia, tuone kiti ni cha nani.

Siku ya gulio la Ogwedhi, daktari alifungua orodha mbele ya wafugaji, Celestine na Elkana wakiwa pembeni. Ikazima. Akafungua tena, ikazima. Watu wakaguna, naye Elkana akainamisha kichwa kuficha furaha yake.

Celestine aliweka kompyuta juu ya boneti la gari, akasoma jibu la seva. "Nchagwa wa Kehancha ni nani? Idadi hakujaza."

Elkana alitamani ardhi immeze. Huyo alikuwa baba yake.

"Ni mimi, binti yangu," mzee akasema. "Ng'ombe sisi hatuhesabu. Nikikwambia namba leo, kesho nitazika."

"Basi tusihesabu, Mzee."

Elkana akadakia, naye aonekane, "Weka sifuri tu."

"Sifuri? Unanifanya maskini mbele ya watu?"

Watu wakacheka. Celestine akaandika kwamba idadi ikija tupu, pasomeke "hakutaja," akapakia programu upya kwenye simu ya daktari. Orodha ikafunguka yote.

"Lakini kwani mwanangu Elkana hakukuambia?" mzee akauliza. "Nilimchapa akiwa darasa la tatu kwa kuhesabu ng'ombe zizini. Hawezi kusahau."

Celestine alitafuta kitu kwenye kompyuta, akamgeuzia Elkana asome: jina lake, tarehe, na yale maneno mawili.