Mwaka wa Jogoo na Chumba cha Doornfontein

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu aliangukiwa na mzigo wa katani shambani nje ya Morogoro, akafa palepale. Shida zikaanza. Nasema kumi na moja kwa sababu kitambulisho changu ndivyo kinavyohesabu. Nilitolewa darasa la tatu nikapelekwa kwa fundi cherehani mjini, nikawa nakaa miguuni pake na kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yamekwisha. Kila nilichonacho nimekipata kwa sindano. Shule haikunipa hata kifungo.

Johannesburg nililetwa na mume wangu, Msauzi aliyeishi kwetu miaka mingi kama mkimbizi wa siasa kabla nchi yake haijafunguka. Alipokufa sikurudi kwetu. Nilipata kazi ya kukata vitambaa katika duka la jumla la mama mmoja wa Kichina. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri sana. Nilikata vitambaa vya watu wengine miaka kumi na miwili, na kila nilipokata nilishona kichwani. Nilitaka chumba changu na cherehani zangu. Nilitaka niitwe fundi kabla sijafa.

Mwishoni mwa 2016 fundi mmoja Mkongo, mwenye chumba Doornfontein, aliamua kurudi Lubumbashi. Akanifuata dukani.

"Maman, miye naenda. Chumba iko, mashini tatu iko, na wateja wangu wote wa kwaya. Chukua. Sitaki kupatia mtu asiyejua kushona."

Mwili wangu wote ulisisimka. Lakini nilikuwa karibu kutimiza sitini, na mshahara wa Mchina, ingawa mdogo, ulikuwa haukosi. Nikaenda kumwambia bosi. Akaniuliza mwaka niliozaliwa. Nikampa kitambulisho. Akaangalia ile 1957, akahesabu kwa kidole gumba akigusa viungo vya vidole vingine, kisha akakirudisha taratibu kama kitu cha moto.

"Mama, wewe Jogoo. Mwaka unaokuja ni wa Jogoo."

Nikacheka. "Basi si mwaka wangu? Si vizuri?"

"Vibaya kabisa. Mwaka wa mnyama wako, mkubwa wa mbinguni anakutazama wewe. Usihame. Usifungue duka. Kaa kimya, vaa nyekundu."

Ningemcheka mpaka leo kama nisingejua habari za mumewe. Mumewe alifungua duka la pili katika mwaka wa mnyama wake mwenyewe. Mama yake mzazi alimkataza, yeye akasema hayo ni mambo ya wazee. Kabla mwaka haujaisha walimpiga risasi getini akifunga kufuli. Mimi ndiye niliyemwaga maji pale chini na kusugua. Damu iliingia kwenye nyufa za saruji, nikasugua kwa mswaki. Kwa hiyo bosi aliposema usihame, sikumsikia mnajimu. Nilisikia ule mswaki.

Shoga yangu Mtanzania tunayesali naye Mayfair alinisuta barabarani, watu wakisikia.

"Weh! Umekuwa Mchina lini? Kwetu mtu akitaka kujua nyota yake anapeleka jina lake na la mama yake. Mwaka nani anaujua?"

"Wewe mwenyewe bundi akilia huendi kazini."

"Bundi namsikia kwa masikio yangu. Huyo jogoo wako umemsikia wapi?"

Mkongo nilimjibu hapana. Alinitazama kwa huruma, na mimi huruma siipendi.

"Maman, sasa jogoo ndiye atakulisha?"

Chumba akampa Mzimbabwe mmoja, kijana anayejua kazi. Nilipita pale wiki iliyofuata nikaona ametundika sare za kwaya dirishani. Nikabadilisha njia ya kwenda kazini.

Mwaka 2017 wote niliogopa. Bosi aliniletea uzi mwekundu wa mkononi na chupi nyekundu sita kwenye mfuko wa plastiki, akanikabidhi mbele ya wapakiaji mizigo bila aibu. Nilizivaa. Mwanamke mzima, mjane, nimevuka mipaka na watoto mgongoni, nilizifua jioni nikazianika bafuni majirani wasione. Nikisimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja kuvuka, niliwaacha watu wote watangulie. Pikipiki ikipiga kelele nyuma yangu, nilijibana ukutani. Dukani sikukubali tena kufunga geti. Na msikitini niliposujudu nilijua kabisa kwamba ninachokiogopa si Mungu, na hilo nalo likaniogopesha.

Katikati ya mwaka huo macho yalianza. Nesi wa kliniki alisema mtoto wa jicho, la kulia kwanza, linakuja polepole. Sikumwambia mtu. Nilimkumbuka yule fundi wa Morogoro na mimi miguuni pake. Watoto wangu wanaongea Kizulu na Kiingereza na hakuna anayejua kutunga uzi. Nani atakaa miguuni pangu?

Jogoo akaisha Februari 2018. Nikakata ule uzi wa mkononi kwa mkasi wa kazi. Wiki hiyohiyo nikasikia katika jengo lile la Doornfontein kuna chumba kingine, kidogo zaidi, chini, karibu na ngazi. Nikasema safari hii sikosei, nitamwomba bosi anichagulie siku njema ya kuondoka. Akafurahi. Akampigia mama yake China kwa simu ya picha. Bibi yule alikuwa na kitabu chake cha miaka, na miwani imefungwa kamba. Bosi akamwonyesha kitambulisho changu, akamsomea tarehe yote: tarehe moja, Januari, 1957.

Bibi akaanza kugomba. Bosi uso ukambadilika.

"Anasema mwaka wetu hauanzi Januari moja. Siku hiyo ilikuwa bado mwaka wa nyuma. Wewe si Jogoo. Wewe Nyani. Mwaka wako mbaya ulikuwa 2016, umeshapita zamani."

Mwaka mzima nimejibana ukutani kwa ajili ya mnyama asiye wangu! Chumba cha mashini tatu kimekwenda! Nikapandwa na hasira mpaka nikaropoka: "Na hiyo Januari moja yenyewe si kweli!"

"Nini si kweli?"

"Karani wa pasipoti ndiye aliyeandika, kitambulisho kikafuata hapo. Aliniuliza nimezaliwa lini, nikasema mama hakuwahi kuniambia. Akanitazama usoni, akaandika mwaka aliouona yeye, na siku akaniwekea Januari moja. Foleni nzima ile, watu wa umri wangu, wote tulizaliwa Januari moja."

Bosi alimtafsiria mama yake. Bibi alivua miwani akanitazama kama anatazama mtu asiye na kivuli.

Nikampigia dada yangu Morogoro hapohapo, yeye ndiye mkubwa wetu.

"Dada, mimi nilizaliwa lini?"

"Leo ndiyo unauliza? Umeugua?"

"Nijibu, dada yangu."

"Ulizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Mama aliacha kapu shambani akarudi na wewe. Ama ni ule mwaka wa mvua kubwa, ama mwaka uliofuata. Hamsini na saba. Au nane. Kwani kuna urithi?"

Hamsini na saba, Jogoo. Hamsini na nane, Mbwa. Na Mbwa ndiye aliyekuwa ameingia wiki ile. Bosi alinishika mkono.

"Mama, ngoja. Mwaka mmoja tu tena. Tafadhali."

Hakuwa ananizuia kwa ajili ya kazi yake, alikuwa anamkumbuka mumewe. Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nikakaa dirishani mchana kweupe na sindano na uzi mweusi. Nilijaribu, uzi ukapita pembeni. Nikaulowesha mate, ukapita pembeni tena. Nikafumba jicho la kulia, nikatumia la kushoto peke yake, ndipo ukaingia. Niliendelea kuishika ile sindano. Mbwa sikumwona mahali popote. Jicho nililiona.

Nilitia sahihi ya chumba kesho yake. Msifikiri woga uliisha. Nilitia sahihi nimevaa moja ya zile nyekundu, na jina lilipinda hata mwenye jengo akauliza kama ninajua kuandika. Nikamwambia kuandika najua, kushona najua zaidi. Bosi hakuja kunitembelea mwaka ule wote, aliogopa kuingia. Alinitumia jora zima la kitambaa chekundu na ujumbe wa sauti: nilitundike juu ya mlango. Nilitundika kipande. Lililobaki nikalishonea kwaya ya Wakongo, na ndio wateja wangu wa kwanza.

Mwaka 2019 Mbwa alikuwa ameshapita, hata kwa hesabu ya bibi nilikuwa salama, na ndio mwaka watu walipokuja mtaani kuvunja maduka ya wageni. Nilishusha shata nikakaa chini nyuma ya cherehani, taa nimezima, mkasi mkononi. Niliwasikia wakigonga mabati mlango kwa mlango. Kwangu waligonga pia. Kisha wakapanda ngazi, wakamvunjia yule Mzimbabwe wa juu, wakachukua mashini zote tatu. Nilisikia zikiburutwa ngazi hadi ngazi juu ya kichwa changu. Ni chumba kile nilichokikataa. Sasa kijana yule anashona kwangu, upande wa mlangoni, na ananitungia sindano bila kuombwa.

Leo ninavyo hivi. Cherehani mbili za umeme na moja ya miguu. Mashine ya kudarizi, haifanyi kazi. Meza ya kukatia. Mkasi alionipa bosi siku ya kuaga. Chumba cha kupanga Doornfontein, kodi imelipwa. Kitanda, friji, jiko la sahani mbili. Jicho moja zima, la pili linangoja zamu hospitali. Kufuli nne. Chupi nyekundu, ya sita imechakaa, zimebaki tano.