Wimbo Uliojaa Alama

Nalinda geti la nyumba za kupanga huku ughaibuni, mtaa wa Muaither. Mwenzangu alipokwenda likizo, msimamizi alinifutia ofu, mapumziko yangu ya kila Ijumaa, mpaka arudi. Ijumaa hiyo kwaya yetu ilikuwa ijaribu wimbo wangu kanisani, mtaa wa Abu Hamour, na mwalimu wa kwaya alishasema wasipouelewa siku hiyo watachukua mwingine.

Nyimbo zangu naziandika kwenye simu, kwa msimbo wa kompyuta. Herufi ni noti. Kimstari cha mshazari na neno fupi huleta pambo, kama kutetemesha sauti au kuipandisha polepole. Alinifundisha dada mmoja wa Kenya, muuguzi, mwanakwaya mwenzetu. Siku zote niliandika noti tupu, halafu nikawaonyesha kina mama wa sauti ya kwanza kwa mdomo pa kuteleza na pa kunong'ona. Hata hilo nililifanya nikitazama sakafu.

Safari hii nisingekuwepo. Nikitoka kidogo tu kwenye kibanda cha getini, kamera inaniona. Basi nikaandika kila kitu, hadi pa kuvuta pumzi. Mahali pamoja nilianzisha alama ya kupandisha sauti nikasahau kuifunga, na programu ikanionya. Nikaifunga, nikatuma.

Mazoezi yalipoanza, yule muuguzi akapiga simu. "Kaka, hizi ni noti ama ni mchwa? Watu wanasoma, hawaimbi!"

Nyuma yake nikamsikia mama mmoja wa sauti ya kwanza: "Mwambie pumzi nimezaliwa nayo, asiniandikie!"

Walicheka wote. Mwalimu akachukua simu. "Kijana, punguza sasa hivi. La sivyo tunaimba ule mwingine."

Nikafuta. Kila alama niliyoifuta, niliona kama natolewa tena kwenye chumba kile cha mazoezi. Nikabakiza moja tu, kwenye neno la mwisho la kiitikio, nikatuma upya.

Waliimba simu ikiwa wazi. Gari likapiga honi. Nikafungua geti, simu sikioni. Kina mama waliteleza mahali ambapo sikuandika, na penye alama yangu wakapita moja kwa moja. Wimbo ulikuwa mzuri. Haukuwa ule niliokuwa nausikia kibandani.

"Tumeuchukua," mwalimu akasema. "Ile alama uliyoacha mwishoni, turudie tuifuate?"

Kama ningekuwa pale, ningewaonyesha mara moja tu.

"Ifuteni, mwalimu," nikasema.