Fimbo Mbili za Eriali

Baba alikuwa mchonga vinyago, na hakuna alichokidharau kama kitu chepesi. Gogo la mpingo alilipima kwa mkono, na likimlemea alitabasamu. Kwa hiyo goti la mama lilipoanza kumsumbua, alimchongea fimbo ya mpingo yenye kichwa cha twiga. Ilikuwa nzuri ajabu, na nzito kama mchi.

Tuliishi Mitaboni, karibu na soko. Susu, mama mzazi wa mama, aliishi juu kilimani ambako gari halikufika. Mwaka huo alilala kitandani asiinuke tena, na kubebwa kuletwa kwetu alikataa katakata. Mama alijaribu kupanda mara tatu na twiga wake. Mara zote tatu aliishia kwenye jiwe kubwa, pale njia inapoanza kusimama wima, akarudi nyumbani kupukuchua mahindi.

Baada ya mara ya tatu, baba alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, akarudi na mabomba ya eriali kuukuu. Nilimuuliza kama anatuundia televisheni. Aliingiza bomba jembamba ndani ya nene, akatoboa, akakaza kwa msumari. Mashikio aliyazungushia tyubu ya baiskeli, na chini akavisha vipande vya tairi, kama soli za viatu vya akala. Zikawa fimbo mbili. Aliponipa nizishike, nilihisi kama sijapewa kitu.

"Hata mimi siamini," alisema.

Mama alizitazama kwa mashaka. "Moja ni ya mzee. Mbili ni za nini?"

"Mbili ni miguu, mama watoto. Sasa uko na minne."

Mama aliondoka kesho yake asubuhi kwenda kwa Susu, baada ya manyunyu. Siku nyingine angekuwa amerudi kabla ya saa nne. Saa sita ilipopita, baba aliweka chini tezo yake ya kuchongea, akaniambia twende. Alitembea mbele yangu, na nilijua anamwaza mama ameanguka mahali, amelalia mabomba yake.

Kwenye udongo mbichi tuliziona nyayo zake, na kila upande alama ndogo ya mviringo yenye mistari ya tairi. Tukazifuata hadi kwenye jiwe. Hapo zilikuwa nyingi, zimerundikana; alisimama kwa muda mrefu. Kisha zikaendelea kupanda, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi macho yetu yalipokomea. Sijawahi kuona maandishi mazuri kuliko yale.

Baba alichuchumaa, akatia kidole ndani ya alama moja, akakaa hivyo.

"Nimechonga miaka hii yote," alisema, "na sijawahi kutengeneza kitu kama hiki."

Nilitaka tupande tumfikie. Alinishika mkono.

"Turudi. Wacha aongee na mama yake."