Dada Taratibu na Vichupa Vilivyooshwa

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya maabara, na koti lake jeupe mwilini, sikio amelibandika kwenye friza.

"Fundi, hii inakohoa," akasema bila kuinuka. "Njoo usikilize."

Mimi ni mtu wa haya. Kulala sakafuni karibu na mwanamke nisiyemjua sikuweza, nikasikiliza kwa mbali, nimesimama.

Wenzake walimwita Dada Taratibu. Kazi yake ilikuwa kudondosha plastiki iliyoyeyushwa ndani ya maji yanayozungushwa na mashine, tone baada ya tone, na kila aliyepita karibu aliambiwa "taratibu!", hata aliyekuwa amesimama. Akiharakisha, anapata uji. Akienda polepole, anapata chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Siku moja nilijikaza nikamuuliza ni za nini.

"Ni vifurushi, fundi. Ndani nafunga jeni, yaani maagizo ambayo seli ya mwili inayasoma. Kifurushi kikishaingia kwenye seli, plastiki inayeyuka yenyewe. Hakibaki kitu."

"Ala," nikasema. Kwangu hiyo ni hotuba.

Chembe zenyewe alizikausha zikawa unga mweupe kidogo, umeganda chini ya vichupa kama maziwa yaliyosahauliwa. Alizitunza kwenye ile friza, kwa sababu zikipata unyevu zinaanza kuyeyuka kabla ya safari. Jumatatu mkuu wake angezijaribu kwenye seli. Zikigoma, kazi inafungwa, na Dada Taratibu anarudi hospitali kupima mikojo.

Ijumaa friza ikafa kabisa. Nilipofika alikuwa ameshavitoa vichupa na kuvipanga mezani. Akakimbilia jengo la pili kuomba barafu. Mimi nikajipenyeza nyuma ya friza, makalio tu ndiyo yanaonekana.

Akaingia mama yake mzazi, amemletea kapu la chakula na kipande cha sabuni. Alikuwa hajawahi kufika pale.

"Loo! Mtoto huyu!" nikamsikia. Halafu maji ya bomba.

Hadi nijichomoe, vichupa vilikuwa vimeinamishwa kwenye taulo, vinang'aa. Kimebaki kimoja, mfuniko umekaza.

"Baba, wewe una nguvu. Nifungulie hiki."

Kumkatalia mama wa watu sikuweza. Kukifungua bila ruhusa ya mwenyewe pia sikuweza. Nikasimama nacho, nimekishika kwa ncha za vidole nisikipashe joto, namtabasamia.

"Bado tu?" akauliza.

"Kinakuja, mama."

Dada Taratibu akarudi na ndoo ya barafu. Akaona taulo. Ndoo ikamponyoka.

"Mama! Umeosha kazi ya mwaka mzima!"

"Mwaka mzima?" Mama akashika kiuno. "Mwaka mzima hujaosha vyombo, halafu unanipigia mimi kelele?"

Dada akakaa sakafuni, juu ya barafu kabisa, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikainua mkono kama mtoto wa darasani, kichupa kikiwa vidoleni.

Akakitazama. Akanitazama.

"Taratibu," akanong'ona, akakipokea kama yai.

Friza niliifufua jioni hiyo, na Jumatatu kichupa kimoja kilitosha. Aliniita nichungulie kwenye hadubini. Seli zilikuwa zinawaka kijani, maana jeni ya majaribio aliyoifunga ilikuwa ya kuzifanya ziwake. Mama naye akachungulia.

"Mbona vimeota ukungu?"

Mkuu alifurahi, akampeleka Dada Taratibu kuendeleza kazi kwenye maabara kubwa, mbali. Siku ya kuhama nilimbebea masanduku hadi kwenye gari. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, nikaishia kukaza mikanda ya masanduku. Mama alikaa kiti cha nyuma, kapu mapajani. Dada Taratibu akashusha kioo, akanipa ishara nisogee, akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, friza nakuachia wewe. Sabuni ya mama nimeificha."