Ngege Wadogo wa Bwawa la Nyabioto

Nyanchera alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakujua afanye nini na asubuhi zake. Shamba la majani chai alikuwa amemwachia shemeji. Alianza kwenda bwawani Nyabioto, dakika ishirini kwa bodaboda kutoka Ekerenyo, kwa sababu marehemu mumewe alipenda kuvua pale. Baada ya mwaka mmoja akajikuta mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa ndoano, watu kumi na wanane, wengi wao wakulima wa ndizi.

Bwawa lilikuwa katika hali mbaya. Watu waliingia na vyandarua vya mbu, wakakokota kila kilichokuwa na mapezi, hata samaki wa ukubwa wa kucha. Mwalimu Nyanchera aliandika sheria kwa mkono wake akazipigilia kwenye mti. Nyavu marufuku. Kila mwanachama samaki wanne kwa wiki. Ngege asiyefika sentimita kumi na nane arudishwe majini akiwa hai. Na kambare wote waondolewe, maana ndio wanaomeza watoto wa ngege.

Sheria hiyo ya mwisho ilipita kwa urahisi. Wanachama wengi walikuwa Wasabato, na kambare, kwa kuwa hana magamba, hawakumla. Aliyepinga alikuwa Ogoti peke yake, Mkatoliki ambaye shamba lake la ndizi lilipakana na bwawa.

"Mimi ndiye ninayewala," alisema. "Mnanipokonya mboga."

Watu wakacheka. Walivua kambare kwa misimu miwili ya kiangazi, wakampelekea Ogoti wote, mpaka wakaisha.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri ajabu. Ngege walijaa sahani. Hata Ishwar, mwenye duka la misumari na mabomba mjini Kisii, alijiunga na chama. Alikuja kila Jumapili na kiti chake cha kukunja na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Hakuwahi kula samaki maishani mwake. Alimvua, akamtazama, akamrudisha.

"Sasa mbona unawasumbua bure?" Nyanchera alimuuliza.

"Nataka tu kujua kwamba wapo, Mwalimu."

Kwa sababu yake mikutano ya chama iliendeshwa kwa Kiswahili badala ya Kigusii.

Mwaka wa tatu Nyanchera alianza kuona kitu asichokielewa. Alikuwa na mazoea ya kupima samaki kwa rula na kuandika urefu wao kwenye daftari. Mwanzoni wastani ulikuwa sentimita ishirini na nne. Ukashuka hadi kumi na tisa, kisha kumi na tatu. Samaki hawakupungua. Walikuwa wengi kuliko zamani. Ukitupa ndoano haijafika chini tayari imeumwa. Ila wote walikuwa wadogo, na kwa sheria yake mwenyewe wote walirudishwa majini.

Alilifikiria kama swali la mtihani. Kama wadogo wamejaa na wakubwa hawapo, basi wakubwa wanachukuliwa. Nani anawachukua, na lini? Toka jua la Ijumaa lizame mpaka jua la Jumamosi lizame, Wasabato hawavui wala hawalindi bwawa. Siku hiyo aliyebaki karibu na maji alikuwa mtu mmoja tu. Halafu Jumatatu moja, akipita kando ya ua wa Ogoti, aliona magamba ya samaki kwenye shimo la takataka. Magamba makubwa.

Kwenye mkutano uliofuata alisimama akaeleza hesabu yake hatua kwa hatua, kama alivyozoea ubaoni. Hakutaja jina mpaka mwisho.

Ogoti alivua kofia. "Mwalimu, hao samaki nilinunua."

"Ulinunua wapi?"

"Sokoni. Wa kutoka ziwani."

"Mtu anayekaa mita arobaini kutoka kwenye bwawa ananunua samaki sokoni?"

"Anayekatazwa kula wa hapa atanunua wapi?"

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Ogoti alirudisha kofia kichwani, akaondoka, na wiki hiyo akatuma kadi yake ya uanachama kwa mkono wa mkewe. Nyanchera akaweka zamu ya kulinda siku ya Sabato, akampa Ishwar, ambaye hakuwa na neno na Jumamosi. Kisha akafunga bwawa kabisa kwa miezi sita ili samaki wakue.

Walipolifungua, wastani ulikuwa sentimita kumi na moja.

Alipima tena. Akabadilisha rula, akidhani ile ya kwanza imelika pembeni. Alilala na daftari kando ya mto wa kulalia, akaamka nalo. Hakuna aliyevua, hakuna aliyeiba, na bado samaki walikuwa wanarudi nyuma kana kwamba wanazeeka kinyume. Kanisani aliomba, lakini hata hakujua aombe nini hasa.

Jumapili moja Ishwar alimwita. Ndoano yake ilikuwa imemnasa samaki ubavuni kwa bahati mbaya, ngege wa urefu wa kidole cha kati. Alipokuwa akimtoa, samaki alifungua mdomo na vitu vidogo vikamwagika kwenye kiganja, mithili ya mbegu za nyanya, vingine vikiwa na macho na mikia.

"Mwalimu, huyu mtoto ana watoto."

Nyanchera aliinama. Alijua, kama kila mtu bwawani, kwamba ngege jike hutunza mayai mdomoni. Ila huyu alikuwa mdogo wa kurudishwa. Huyu alikuwa mtoto.

"Haiwezekani," alisema. Akamgeuza, akamgeuza tena, kisha akamtia majini upesi pamoja na watoto wake.

Siku tatu baadaye alikuja afisa wa uvuvi wa kaunti, mwanamke kijana anayeitwa Emily, amevaa buti za mpira. Alikokota wavu mara moja tu, akamwaga samaki kwenye karai, akawatazama kwa muda mfupi.

"Hawa si watoto, Mwalimu. Wengine wana miaka miwili. Wamekuwa wengi, chakula hakitoshi, kwa hiyo wanazaa wakiwa wadogo na hawakui tena."

"Lakini tumewalinda."

"Ndiyo. Mliwarudisha wote, na mkaondoa kambare aliyekuwa akiwapunguza."

Nyanchera alikaa kwenye jiwe. "Nifanye nini?"

"Vuteni hawa wadogo kwa wavu, wengi kadiri mnavyoweza, mle. Kisha mrudishe kambare, vifaranga kama mia mbili."

"Kwa wavu."

"Kwa wavu."

"Basi wale wa vyandarua walikuwa sahihi?"

"Hapana. Wale walizoa wakubwa kwa wadogo, wangelimaliza bwawa."

Nyanchera aliuliza swali lile lile kwa namna tatu, na kila mara akapata jibu lile lile, na kila mara lilimteleza. Kwenye mti, juu ya vichwa vyao, sheria zilikuwa zingali zimepigiliwa misumari.

Kesho yake alikwenda kwa Ogoti, akamkuta akikata mkungu wa ndizi. Huko walizungumza Kigusii.

"Bwakire, Baba Walter."

"Bwakire."

"Nilikosea. Hakuna mwizi. Samaki wenyewe ndio walidumaa."

Ogoti aliweka mkungu chini taratibu. "Nilikuambia nilinunua."

"Uliniambia."

"Kwa nini hukuniamini?"

Nyanchera angeweza kusema ni magamba, au Sabato, au hesabu. Yote yalikuwa kweli siku ile na sasa hayakutosha. "Sijui," alisema. "Nilikuwa na hakika."

Ogoti alilichukua panga lake akaendelea na kazi. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha chai.

Chama kilivuta wavu siku mbili. Nyumba zote za karibu zilikaanga samaki wadogo kama omena. Kambare walipoletwa ndani ya matangi ya plastiki, mzee mmoja wa kanisa alimuuliza Nyanchera inakuwaje Msabato anafuga kisicholiwa, naye akajibu kwamba hafugi, anarudisha, na papo hapo akajiona hajui tofauti yake ni ipi. Ogoti alikuja bila kuitwa. Alishika tangi upande mmoja, Ishwar upande mwingine, wakaliinamisha majini polepole.

Sasa ni miezi minane. Wastani umepanda hadi sentimita kumi na sita. Nyanchera hajui kama ni kambare, au wavu, au mvua nzuri ya mwaka huu. Emily anasema yote, na jibu hilo halimridhishi mwalimu wa hesabu. Ameibandua karatasi ya sheria lakini bado hajaandika nyingine. Ameianza mara nne.

Ogoti amerudi kuvua, bila kuchukua kadi. Hukaa ng'ambo ya bwawa, peke yake. Nyanchera akifika, Ogoti huinua kofia kidogo. Nyanchera humpungia mkono, kisha hukaa akijiuliza kama amesamehewa au ni adabu tu ya mtu mzima. Juzi nusura azunguke bwawa akamuulize. Alifika katikati ya njia, akasimama penye matope, akarudi mahali pake.