Pete za Mama Kwenye Mgomba

Mwalimu wa kanisa letu nilimchukia nikiwa mtoto, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha. Watu hunikumbusha kwamba alikwisha kufa. Mimi sikumtuma.

Hakuwa mtu wa kwetu Nyamira. Aliletwa na wamisheni, akatuhubiria kwa Kiswahili ambacho mama zetu walikielewa nusu nusu, na alikuwa na kiherehere cha kuwafurahisha Wazungu. Mwaka mmoja, vita vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha, alisikia kwamba Krismasi haikamiliki bila mti wenye mapambo. Mti wa Kizungu hakuupata. Akakata mgomba, akauchomekea vijiti pande zote, virefu chini na vifupi juu, akausimamisha ndani ya kanisa, mbele. Kwa hilo simlaumu. Tungeuzoea.

Ubaya wake ulikuwa kwenye mapambo.

Kwetu mwanamke aliyeolewa alivaa ebitinge, pete za chuma za miguuni, na hakuzivua mpaka mumewe afe. Mwalimu alisema hayo ni mambo ya giza na mwenye kuzivaa habatizwi. Mama, aliyekuwa katika darasa la ubatizo, alikataa miezi mizima. Aliyemlegeza ni baba, ambaye hata kanisani hakuwa akienda.

"Kama wataziweka mahali pa siri, zivue," alimwambia. "Mimi najua niko hai."

Mwalimu akaapa kwamba zitafungiwa sandukuni. Mama akazivua kwa samli, kazi ya nusu siku, akaanza kuvaa gauni refu la kufunika vifundo.

Siku ya Krismasi, siku ya ubatizo wenyewe, tuliingia kanisani nimemshika mama mkono. Pete zake na za wanawake wenzake zilikuwa zinaning'inia kwenye vijiti vya mgomba, zimesuguliwa kwa majivu mpaka zinang'aa. Moja yake, yenye kovu la kugongwa na jembe, iliwekwa juu kabisa.

Baba alikuwa amekuja kumwona mkewe akibatizwa. Alikaa upande wa wanaume pamoja na mdogo wake, mtu wa mdomo mchafu.

"Kaka, kumbe ulikufa na hukutuambia," mdogo wake alisema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kusikika. "Sasa mjane wako tumpe nani?"

Wanaume wakacheka, ndani ya kanisa, na mwalimu akatabasamu bila kujua wanacheka nini. Baba aliinama akatazama mikono yake. Sikuwahi kumwona baba akiinama mbele ya watu.

Mama aliuachia mkono wangu. Alikwenda mpaka kwenye mgomba, akachukua pete zake nne, akaketi sakafuni mbele ya watu wote na kunyoosha miguu.

"Wewe mama, rudi kwa kiti," mwalimu akasema. "Hiyo sasa ni mali ya kanisa."

Mama hakumwangalia. Pete ya kwanza ilikwama kisiginoni, na samli hakuwa nayo. Akabandua ganda la mgomba, akajipaka mguuni ule utelezi wa ndani, akasukuma. Ngozi ilichubuka. Aliendelea kubandua na kupaka mpaka ya nne ikaingia, na mgomba ukalala upande. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia. Mimi pia nilikaa tu, na hilo sijajisamehe.

"Ukivaa hiyo, mimi sikubatizi," mwalimu akasema.

Mama akamjibu kwa Ekegusii, lugha ambayo mwalimu alikuwa ameikataza humo ndani. "Mume wangu ameketi pale. Maji yako umwagie mgomba."

Baba akasimama, tukatoka pamoja. Mama alichechemea njia nzima na hakukubali kushikwa.

Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, mama alizivua tena, kwa samli, taratibu, kama inavyotakiwa. Wiki hiyo hiyo mwalimu alikuja, mvi kichwa kizima, kusema kwamba sasa hakuna kizuizi tena cha ubatizo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwonyeshe njia.

Nilimwonyesha. Safari hii sikukaa tu, mbwa wetu mkali nilimfungua mimi.