Kiti Juu ya Keria

Mume wangu alivunjika mgongo akichota maji. Watu wa mbali nikiwaambia hivyo hufikiri aliteleza njiani na mtungi, lakini kwetu Ikutha maji ya kiangazi yanachimbwa. Mto ukikauka tunaingia kwenye mchanga wake na kuchimba hadi shimo linampita mtu urefu, kisha mmoja anashuka na kikombe kukusanya maji yanavyochuruzika. Asubuhi hiyo aliyeshuka ni yeye. Ukuta wa mchanga ukaporomoka, na mchanga uliolowa ni mzito kama mawe. Wanaume waliokuwa mtoni walimfukua kwa sufuria na kwa mikono. Alitoka akipumua, ana akili zake zote.

"Malizieni miguu," aliwaambia.

Miguu ilikuwa nje tayari.

Alilazwa hospitalini Kitui mjini mpaka wakatuambia hakuna kingine cha kumfanyia huko. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo, na maagizo mengi: ageuzwe mara kwa mara, asikalie kitu kigumu, awe anakwenda zahanati kubadilishiwa mpira. Hakuna aliyetuambia angefikaje zahanati. Pikipiki haikumfaa kwa sababu hakuweza kujishikilia, na gari tulilopata siku ya kutoka hospitali lilikuwa la kuombwa, tena kwa aibu.

Ndipo shemeji akaja. Huyu ni kaka yake mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti huko Tawa, Makueni, mtu wa maneno machache ambaye hata salamu huitoa kama anaikopesha. Alikaa na mdogo wake kidogo, akatoka nje, akaizunguka baiskeli.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, ya zamani, na mume wangu alikuwa ameibebea mitungi ya maji kwa miaka. Sehemu nyingi zilizotoka nayo dukani zilikuwa zimekwisha. Breki zilikuwa vipande vya akala, zile ndara za tairi la gari. Pedali moja ilikuwa ya mti, ameichonga mwenyewe. Spoku zilizokatika aliziba nafasi zake kwa waya wa ua, akizisokota kwa koleo mpaka rimu inanyooka. Alikuwa akisema kwamba siku fremu ikivunjika ndipo atakubali baiskeli imekufa.

Shemeji alichukua kiti chetu cha plastiki, kile cha wageni, akakikata miguu kwa msumeno. Alikifunga kwa boliti juu ya keria, pale nyuma pa kuwekea mizigo, akakizungushia vyuma vya ujenzi alivyovikunja ili mtu asianguke kando. Chini aliweka pa kukanyagia, na mikanda ya tyubu ya kufunga miguu isije ikaingia kwenye spoku. Alipojaribu kuisukuma ikalala upande. Kwa hiyo alitafuta gurudumu la wilbaro, akaenda nalo kwa mwenye mashine sokoni, akarudi akiwa amelichomelea kwenye mkono wa chuma uliotokeza ubavuni mwa baiskeli. Sasa ilisimama yenyewe. Kwenye usukani alifunga mti mrefu unaorudi nyuma, ili mimi nisukume nikiwa nimenyooka.

Alipomaliza tulimbeba mume wangu tukamkalisha.

"Unanipima kama mtu wa jeneza," mume wangu akasema.

"Nyamaza. Niambie kama inakufinya."

"Nitajuaje kama inanifinya?"

Shemeji aliacha kazi. Alisimama na spana mkononi, na nilidhani atalia, lakini alitia mkono ndani ya mfuko wake akatoa tyubu nzima ya baiskeli, akaikunja duara, akaijaza upepo kidogo tu, na kuiingiza ndani ya kifuko cha gunia. Huo ukawa mto wa kukalia. Nesi wa zahanati alipouona aliubonyeza kwa kiganja, akasema hata wao hawana mzuri kama huo, na kwamba mume wangu asikae mahali popote bila huo mto.

Siku ya kwanza nilipomsukuma kupita sokoni alivaa kofia yake ya kanisani. Mfuko wa mkojo niliuficha kwenye kikapu, nikakitundika ubavuni kama mtu anayetoka kununua mboga. Watu waliacha kuuza. Yeye aliwasalimia mmoja mmoja, akawauliza habari za mbuzi, akawauliza habari za watoto, na wengine walijibu wakiangalia gurudumu la wilbaro. Tulipotoka sokoni aliniambia nisimame. Alitaka kuangalia shamba la jirani, mbaazi zilivyokauka. Alikaa akitazama mbaazi zilizokufa kama mtu anayetazama harusi.

Kanisani walimpokea kwa vigelegele. Walimwekea mikono wakamwombea asimame. Jumapili iliyofuata wakamwombea tena asimame, na iliyofuata tena, na mhubiri mgeni akamshika kwapa akamwinua mbele ya watu wote. Miguu ilining'inia. Mimi na wazee wawili wa kanisa tulimrudisha kitini, nikamfunga mikanda huku kwaya ikiimba ili kufunika kile kimya. Njiani aliniambia, "Uwaambie waniombee vile niko." Sikujua nimwambie nani. Aliacha kwenda.

Basi zikabaki safari za zahanati. Nazo zingeendelea kama mvua ingenyesha.

Mvua za mwaka huo hazikuja, na zile za kabla yake zilikuwa matone tu. Visima vya mchangani karibu na sisi vilitoa tope, kisha havikutoa kitu. Tulianza kwenda mbali zaidi, upande wa juu wa mto, kwa njia nyembamba ya mbuzi inayopita katikati ya miiba. Majirani wenye punda walikwenda na punda. Sisi punda wetu alikuwa amekufa kwa njaa. Nilibeba mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na nilipofika nyumbani jua lilikuwa limeinama. Mtungi mmoja, kwa mtu anayehitaji kuoshwa kila siku, kwa binti yetu wa shule, kwa kupika, kwa mbuzi waliobaki. Mume wangu alianza kukataa kunywa. Alisema hana kiu. Mkojo kwenye mfuko ukawa wa rangi ya chai.

Siku moja nilimkuta amekaa barazani na spana mapajani.

"Lete baiskeli hapa," akasema.

"Ya nini?"

"Nitoe kiti. Nitoe na hiyo gurudumu ya kando. Hiyo njia ya juu haipitiki na magurudumu matatu."

"Na zahanati utaendaje?"

"Maji kwanza, Mama. Mtu anaenda zahanati akiwa amekunywa maji."

Nilibisha. Nilimwambia boliti zile, kuzifungua na kuzirudisha ni kazi ya nusu siku, haitawezekana kila wiki. Alisema anajua. Alizifungua mwenyewe, baiskeli imelazwa mbele yake, na mikono yake ilikuwa na nguvu kama zamani. Kiti alikibakiza chini yake, barazani. Alinifungia mitungi kwa kamba za tyubu, mmoja kila upande na mmoja juu, akanionyesha jinsi ya kuegemea baiskeli mlimani. Siku hiyo nilirudi mapema na maji mengi, akanywa kikombe kizima mbele yangu. Siwezi kusema sikufurahi.

Kazi yake ikawa kuitengeneza. Kila jioni nilimlazia baiskeli pembeni, naye akatoa miiba kwenye tairi, akabandika viraka. Tyubu ya nyuma ikawa viraka juu ya viraka, hadi ikapasuka mahali ambapo kiraka hakishiki. Akaitoa, akalijaza tairi nyasi kavu na katani, akalishindilia kwa mpini wa jembe. Nilikwenda na kurudi nayo siku kadhaa. Lakini nyasi haihimili uzito wa maji. Rimu ilipinda, waya za spoku zikakatika, na nilirudi nikiiburuta, mtungi mmoja umepasuka njiani. Alichukua rimu akaanza kuinyoosha kwa jiwe.

Siku iliyofuata nikaenda kwa miguu, na niliporudi nilikuta tairi limejaa upepo, gumu, zuri.

"Umetoa wapi tyubu?"

"Kwa vitu vyangu vya zamani. Ilikuwa imelala huko kwa sanduku."

Nilishukuru. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mtu angeniambia imeshuka kutoka mbinguni ningeitikia.

Baada ya muda nikiwa namwosha niliona alama nyekundu chini ya mgongo. Nilimgeuza zaidi, nikaosha kwa maji ya chumvi. Alama ikawa kidonda, kidonda kikawa na ukingo mweusi. Kila nilipotaka kufunga kiti tena tumpeleke zahanati alisema, "Ngoja kidogo, kitakauka." Mwishowe nilipitia kwa mama mmoja wa kijiji chetu, mhudumu wa afya anayetembelea wagonjwa nyumbani, nikamwomba aje. Alikuja kesho yake asubuhi.

Alikiangalia kidonda. Kisha akauliza, "Anakalia nini?"

"Ule mto wa tyubu. Nesi mwenyewe aliusifu."

Aliuchukua, akaubonyeza. Niliona uso wake, nikauchukua mimi pia. Kilikuwa kifuko kilekile cha gunia, kimeshonwa upya kwa uzi wa katani, kwa mshono wa mwanamume. Nilikata uzi kwa kisu. Ndani kulikuwa na matambara, maganda ya mahindi, na lile shati lake la zamani la kazi.

"Baba, tyubu iko wapi?" yule mama akamwuliza kwa upole.

Mume wangu alikuwa anaangalia ua. "Iko kwa gurudumu," akasema.

Nilitoka nje. Niliiangusha baiskeli, nikang'oa tairi kwa vijiko, nikaitoa ile tyubu ikiwa bado na joto la jua. Nilirudi nayo nikaiingiza kwenye gunia mbele yake, na yule mama akanisaidia kushona.

"Ukiweka hapo, mtakunywa nini?" mume wangu akaniuliza.

"Nitabeba mgongoni."

"Ulikuwa unarudi ukiwa umekufa."

"Na wewe unataka kufa ukiwa umekaa?"

Binti yetu alikuwa mlangoni na sare yake ya shule, akasikia yote.

Nilibeba mgongoni. Kidonda hakikusubiri. Joto lilimpanda, akawa anatetemeka mchana chini ya jua la Ikutha, akiniomba blanketi. Mzee mmoja wa kanisa alitoa pikapu yake, tukamlaza nyuma juu ya godoro hadi Kitui mjini. Daktari aliniambia uchafu umeingia kwenye damu. Nilikaa naye. Alipopata fahamu aliuliza kama rimu bado imenyooka. Nilimwambia ndiyo. Akafa kabla mvua hazijaanza.

Shemeji alifika na kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Baada ya mazishi, watu wakinywa chai, alinikuta nyuma ya jikoni. Alikuwa amesikia habari za tyubu. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

"Ningeleta mbili," akasema. "Nilikuwa na nyingine nyumbani. Nilikuwa nayo."

"Hukujua, shemeji. Hata mimi nililala naye nyumba moja na sikujua."

"Alikuwa anakilaumu kile kiti?"

Nilimwambia ukweli: hakukilaumu hata siku moja, na tangu aumie hakuna mahali alipopaona nje ya boma letu isipokuwa akiwa juu yake. Shemeji alitikisa kichwa polepole, akaweka kikombe chini, na bega lake likaanza kuruka kama la mtu anayekohoa. Nilisimama karibu naye hadi alipomaliza. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena, ingawa huja kila baada ya mavuno, kama kuna mavuno.

Wazazi wangu, walio Mukuyuni, walitaka nirudi kwao. Nilikataa kwa sababu binti alikuwa karibu na mtihani, na kwa sababu kaburi liko hapa. Binti alifaulu, akaenda sekondari ya bweni. Hapendi kuulizwa habari za baba yake. Aliporudi likizo ya kwanza alinikuta naondoka kwenda mtoni kwa miguu, kwa kuwa ile tyubu sikuirudisha kwenye gurudumu, akachukua mtungi wa pili bila kuambiwa, na tukaenda pamoja kwa ile njia ya mbuzi, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka mchangani.